Nimepiga ngoma Gishora

Jamani, ukifika Burundi usiikose Gishora, karibu na Gitega. Wapigaji walinipa fimbo mbili, wakanisogeza kwenye amashakwe, zile ngoma zinazoshikilia mdundo mmoja bila kubadilika. Katikati iko inkiranya. Anayeipiga ndiye kiongozi, macho yote kwake. Gogo la mti wa umuvugangoma limechimbwa ndani, juu ngozi ya ng'ombe imewambwa kwa vigingi vya mti. Zikilia zote kwa pamoja unazisikia kifuani! Mikono iliniuma kwelikweli, lakini mawazo yaliyokuwa yakininyima usingizi yaliniachia. Utawaza madeni saa ngapi, na sikio lote liko kwa jirani yako msipishane? UNESCO iliitambua sanaa hii mwaka 2014. Mtaani kwetu nani yuko tayari tuanzishe jioni ya ngoma?