Kilomita 100 kwenye ukingo wa Elgeyo: kumbukumbu ya mradi, awamu ya pili

Mradi wenyewe: kuruka kwa paraglaida (bawa la kitambaa ambalo rubani huning'inia chini yake kwa kamba) kutoka Iten, Kenya, kufuata ukingo wa Elgeyo kama kilomita 50 kuelekea kaskazini, kugeuka juu ya Marakwet kabla ya Tot, na kurudi palepale pa kuanzia. Injini hakuna. Bawa ni la daraja la EN B, la pili kati ya madaraja manne ya usalama ya Ulaya, A hadi D. Awamu ya kwanza, ya kuijua njia kipande kwa kipande, imefungwa. Awamu hii ni ya karatasi na kikokotoo, na imebadilisha mambo matatu: saa ya kupaa, matumizi ya pedali ya kasi (ya kusukumwa kwa miguu ili bawa liende mbio zaidi), na sharti la kugeuka.

Mahali

Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na sakafu ya Bonde la Kerio iko zaidi ya mita 1,000 chini yake. Genge linatazama mashariki, kwa hiyo jua linalipiga tangu asubuhi, saa ambayo kwingine umande bado haujakauka. Januari na Februari ni kiangazi, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki: hulisukuma genge na wakati huohuo huja usoni mwa anayekwenda kaskazini. Kadiri unavyosogea huko ndivyo ukingo unavyoinuka, hadi unaungana na milima ya Cherangani yenye vilele vinavyopita mita 3,300. Urefu uliokutosha juu ya Tambach, karibu na Iten, huwa mdogo huko mbele hata kama altimita, kipima urefu, haijashuka hata mita moja.

Hesabu ya kasi

Namba za bawa zilizotumika ni hizi: bila pedali, kilomita 38 kwa saa na kushuka mita 1.2 kwa sekunde. Nusu pedali, 45 na 1.6, pedali yote, 52 na 2.3. Kasi halisi ya safari, ukihesabu na muda wa kuzunguka ili kurudisha urefu, ni kasi ya bawa mara kupanda, gawanya kwa kupanda jumlisha kushuka.

Nguzo ya hewa moto ikikupandisha wastani wa mita 3 kwa sekunde, bila pedali unapata kilomita 27.1 kwa saa. Nusu pedali inakupa 29.3. Pedali yote inakupa 29.4.

Yaani nusu ya mwisho ya pedali inaongeza mita 100 kwa saa, na kwa bei hiyo unaruka na bawa ambalo pua yake iko tayari kukunjika mbele, katika hewa iliyojaa misukosuko. Mpango wa kwanza ulikuwa pedali yote kati ya nguzo na nguzo. Umefutwa. Pedali yote imebaki kwa kazi moja tu, kuvuka hewa inayoshuka kwa nguvu, na hapo pia inaachiwa mara tu mikanda inayounganisha kamba za bawa na kiti inapoanza kulegea mikononi.

Wastani wa mita 3 hausomwi kwenye mlio wa variometa, chombo kinachoonyesha kasi ya kupanda na kushuka. Variometa inayoruka hadi 7 kisha ikaanguka hadi 1 ndani ya mzunguko mmoja inasema uongo pande zote mbili. Kinachoangaliwa ni wastani wa sekunde 30, uliowekwa kwa tarakimu kubwa kwenye skrini.

Saa

Hapa ndipo mradi mzima unapoamuliwa. Anayefika Kerio kwa mara ya kwanza hudhani tabu itakuwa kupata hewa ya kupanda. Hewa ipo, na nyingi. Tabu ni kwamba ile inayokupandisha mita 6 kwa sekunde mchana ina jirani yake inayoshuka karibu kiasi hichohicho, na mpaka kati yao ni mkali kama ukuta.

Mpango wa zamani ulikuwa kupaa saa tano na nusu asubuhi, nguzo zikiwa zimekomaa. Tuchukue kaskazi inayokupunguzia kilomita 10 kwa saa ukienda na kukuongezea 10 ukirudi. Kwenda ni 50 gawanya kwa 19.3, saa 2 na dakika 35. Kurudi ni 50 gawanya kwa 39.3, saa 1 na dakika 16. Jumla saa 3 na dakika 51, na bila upepo ingekuwa saa 3 na dakika 25 (upepo wa kwenda na kurudi haulipi deni lake lote, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi katika upande unaokuumiza). Kwa mpango huo unarudi Iten saa tisa na dakika 20 alasiri. Saa hiyo jua limeshahamia nyuma ya genge, mawingu ya Cherangani yamevimba, na kama upepo umegeuka wa magharibi, uwanja wa kupaa uko kwenye kivuli cha upepo, penye hewa inayobiringika kushuka ukutani.

Mpango mpya: miguu inaacha ardhi saa nne. Saa ya kwanza nguzo ni dhaifu, tuseme mita 1.5 kwa sekunde. Nusu pedali inakupa 21.8, ukitoa upepo unabaki na kilomita 12 hivi. Kilomita 38 zilizobaki za kwenda zinachukua saa 2 pungufu dakika 2. Unafika mgeuko karibu saa saba, na Iten saa nane na robo. Hesabu hii imeacha nje mteremko unaobebwa na upepo, yaani kilomita ambazo unafuata genge moja kwa moja bila kuzunguka. Hizo ndizo akiba.

Sharti lililoandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kioo cha chombo: saa saba kamili, geuka popote ulipo.

Kupaa na mita 100 za kwanza

Kwenye mita 2,400 na joto la nyuzi 25, hewa ni nyepesi kiasi kwamba kasi ya kukimbia kabla bawa halijabeba inaongezeka karibu asilimia 18 kuliko kwenye usawa wa bahari penye nyuzi 15. Anayezoea kupaa mahali pa chini hukaa kitini mapema, akabururwa. Kimbia hatua nne zaidi ya unavyodhani. Upepo wa kupaa ukomo ni kilomita 25 kwa saa pamoja na mapigo yake.

Mpaka ufike mita 100 juu ya ukingo, hakuna kuzunguka duara. Ni umbo la namba nane tu, kila kona ikigeuka kuelekea bondeni. Migongo ya genge inayochomoza ndiyo inayoachia nguzo. Makorongo kati yake hunyonya, hivyo hupitwa kwa mbali. Mwenye ukuta upande wake wa kulia ana haki ya njia.

Ukishatoka, duara la mlalo wa nyuzi 30 kwa kasi halisi ya kilomita 45 lina nusu kipenyo cha mita 28 na linachukua sekunde 14. Asubuhi nguzo ni nyembamba kuliko hapo, kwa hiyo mlalo huongezwa kwanza, breki (kamba za mkononi za kuongozea bawa) baadaye. Kosa la kawaida ni kuvuta breki ya ndani hadi upande huo unaporomoka. Egemea upande wa ndani, acha bawa lipite.

Likikunjika upande mmoja: uzito upande ulio wazi, breki kidogo upande huohuo ili kushika mwelekeo, kisha pampu moja ndefu upande uliokunjika. Mwelekeo kwanza, kufungua baadaye, maana ukuta uko karibu.

Mawingu

Kitako cha wingu hukadiriwa kwa mita 125 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto la hewa na kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kugeuka matone. Mfano: sakafu ya bonde mita 1,200, joto 32, umande 12. Tofauti 20, mara 125, ni mita 2,500. Jumlisha, mita 3,700. Hewa kavu inayopanda hupoa karibu nyuzi moja kila mita 100, hivyo chini ya wingu hilo ni nyuzi 7 hivi, na wewe una upepo usoni. Glavu nene si anasa. Juu ya mita 3,000 akili nayo huanza kupungua bila kukuaga: jaribio ni kuhesabu kwa kutoa saba kutoka mia, na ukikwama, shuka.

Wingu lenye kimo kuzidi upana wake kabla ya saa sita linafuta siku. Kukunja masikio ya bawa, yaani ncha zake mbili, hukupa kushuka kama mita 3 kwa sekunde, na ndani ya hewa inayopanda 6 bado unapanda 3. Kwa hiyo masikio hayakutoi kwenye mnyonyo wa wingu. Kinachokutoa ni kusogea ukingoni mwa wingu ukiwa mita 300 chini ya kitako, masikio na pedali pamoja, kabla hujahitaji kukimbia.

Vifaa na kutua nje

Maji lita 3, kwa sababu sakafu ya bonde mchana ni tanuri. Parashuti ya akiba iliyokunjwa upya msimu huu, kisu cha kukata kamba, redio, chombo cha kutumia setilaiti kutuma mahali ulipo. Betri huwekwa ndani ya jaketi, nje hufa kwa baridi.

Bondeni migunga ni mingi na miiba yake haina huruma kwa kitambaa. Viwanja vya shule na pembezoni mwa barabara ndivyo vya kuchaguliwa, na huchaguliwa ukiwa na mita 500 mkononi, si 100. Mshale wa upepo ni moshi au vumbi. Bondeni mara nyingi hauendi sawa na ulivyokuwa juu. Ukigusa chini, lilaze bawa mara moja, maana watoto watafika kabla hujafungua kofia na kamba hukatika zikikanyagwa. "Chamgei" kwanza, maelezo baadaye. Kabla ya kila msimu, hali ya usalama upande wa Tot huulizwa kwa wenyeji, na jibu lao ndilo linaloweka mgeuko.

Kinachofuata

Kupima upya namba za bawa. Zile tatu za juu ni za kuanzia, na mkoba wa kilo 20 unazibadilisha. Kipimo: asubuhi saa moja na nusu, hewa tulivu, dakika 2 kwa kila kasi, kwenda na kurudi kwenye mstari uleule ili upepo ujifute. Kushuka kwa nusu pedali kukitoka 1.9 badala ya 1.6, kasi ya safari inakuwa 27.6, na mgeuko unasogezwa kusini.