"Hakuna dalali"

Nimerudi sasa hivi kutoka Bububu, moyo mzito.

Tangazo la mtandaoni lilisema: "Mwenye nyumba anauza mwenyewe, hakuna dalali." Mama alifurahi mno, maana pesa ya udalali ndiyo inayotumaliza. Tukapanda daladala 502.

Aliyetupokea ni dalali. Mlango hajafungua, anataka pesa ya kuonyesha.

Na zile picha ni za nyumba nyengine kabisa!

Bibi wa jirani akatwambia taratibu: "Wanangu, mwenyewe yuko Pemba. Na wala haiuzi."

Mama hakusema kitu. Alivaa baibui lake la Idi, ili akutane na mwenye nyumba kwa heshima.

Mpaka sasa hajalivua. Kakaa tu barazani.

Jamani, nani mwengine yamemkuta haya? Niandikieni hapa chini.