Nilivyopata sukari Nansio

Mwaka 2024 ukoo wetu ulikusanyika Ukerewe kuweka msalaba kwenye kaburi la baba mdogo. Nilipanda meli Bandari ya Kaskazini, Mwanza, suruali nimeikaza mkanda hadi kitambaa kikakunjamana kiunoni, na ndani ya begi, katikati ya mashati, nimeficha kalamu ya sindano. Safari hadi Nansio ni kama saa tatu. Sehemu kubwa niliimaliza nimeshikilia vyuma vya pembeni nikijizuia kutapika, na ziwa siwezi kulisingizia, maana siku ile lilitulia.

Kwa asiyeijua, dawa yenyewe ni semaglutaidi, wengi wanaijua kwa jina la Ozempic. Inaiga homoni ambayo utumbo huitoa mtu akishakula: ubongo unapata taarifa ya kushiba, na chakula kinachelewa kutoka tumboni. Unajidunga mara moja kwa wiki, unaanza na robo miligramu, unapandishwa taratibu ili mwili uzoee. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimepandishwa hadi miligramu moja. Sukari sikuwa nayo. Nilikuwa na kilo 118, presha, na magoti yaliyokuwa yakigombana na ngazi za ofisini, ndipo daktari wangu pale Mwanza, aliyechoka kunikataza chipsi, akaniandikia. Ililetwa kutoka Dar es Salaam kwa ndege, ndani ya boksi la barafu, na bei yake kamili hata mke wangu sikumwambia. Kununua kwa wauzaji wa mitandaoni daktari alinikataza kabisa. Juni mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani.

Basi nikashuka Nansio nikiwa nimepungua zaidi ya kilo 15 tangu waliponiona kwenye mazishi. Mjini wenzangu walikuwa wakinisifia. Pale gatini binamu yangu, mtoto wa shangazi, alinipita. Akageuka, akanishika mkono na kuushikilia kuliko salamu inavyotaka.

"Kaka, pole," akasema. Pole ya nini, hakusema.

Aliyekulia mbali na ziwa hili pengine hataelewa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika mwaka 1983 Kagera, ng'ambo ya maji haya, na huko watu waliuita Juliana. Visiwa na mialo ya wavuvi havikusalimika. Shangazi aliwauguza wadogo zake wawili nyumbani kwake, enzi ambazo hapakuwa na dawa za kuwapa. Kwa watu wa rika lake, mtu mzima hakondi hivihivi. Kitambi cha mtoto aliyekwenda mjini ni habari njema kwa ukoo mzima. Kikiondoka, kila mmoja anajua anachofikiria, ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukitamka.

Mchana tukaandaliwa ugali wa muhogo, ule mweusimweusi unaovutika, na sato wa kuchemsha na nyanya. Kichwa nikawekewa mimi. Zamani sahani ile ningeimaliza na kuongezwa. Nilikata tonge la kwanza, la pili, la tatu likasimama kifuani. Halafu ukaja ule mbweu ambao watumiaji wengi wa dawa hii wanaujua na hawautaji mbele za watu: unanuka yai viza. Mtoto aliyekaa karibu nami mkekani akaziba pua. Nikanawa. Wanaume wenzangu wakaacha kutafuna, na kutoka jikoni ikaja sauti ya mwanamke ambaye hakujisumbua kunong'ona:

"Huyu kakanyaga miwaya."

Kalamu ikishaanza kutumika inaweza kukaa nje ya friji kwa wiki kadhaa, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Chini ya bati, mchana, nisingethubutu kuliamini begi. Niliifunga kitambaa nikaiweka kwenye kona ya mtungi wa maji, mahali penye ubaridi kuliko pote katika nyumba ile. Nilisahau kwamba kona ya mtungi ni ya shangazi.

Usiku akaniita uani.

"Baba, kaa hapa." Huniita baba kwa kuwa nimerithi jina la baba yake. "Umepima?"

"Nimepima, shangazi. Sina."

"Wote walisema hawana." Akafungua pindo la kanga, akaitoa kalamu. "Na hii?"

Nikamweleza: homoni, utumbo, ubongo, magoti. Hakunikatiza hata mara moja.

"Kwa hiyo unalipa ili usile?"

"Ninalipa ili nisisikie njaa muda wote."

"Sisi ya kwetu njaa ilikuwa ya bure."

Ilikuwa siku yangu ya kujidunga, naye akataka kuona. Alinimulika kwa tochi ya simu nikifunga sindano mpya, nikizungusha kitufe, nikichoma pembeni ya kitovu. Ilipotoka aliendelea kumulika; nadhani alitegemea kitu kikubwa zaidi. Kisha akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nimelikwepa kwa daktari: nikiacha je? Nikamwambia nilichokisoma. Katika utafiti mkubwa watu walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68; walipoachishwa, ndani ya mwaka mmoja walirudisha theluthi mbili ya kilo walizopoteza.

"Basi hujapewa dawa," akasema. "Umeozeshwa mke wa pili, na mahari yake haiishi."

Nimesoma mengi kuhusu dawa hii. Hakuna aliyeieleza vizuri kuliko hapo.

Kesho yake, baada ya misa na msalaba kusimamishwa, sahani zilipoanza kuzunguka shangazi akainuka. "Mtoto wangu ana sukari," akatangaza. "Ndiyo iliyomkondesha. Msimsumbue na ugali." Hakunitazama. Binamu akacheka kwa mara ya kwanza tangu gatini, akanipiga bega. Ghafla kila mtu alikuwa na jambo la kunishauri: mlonge, maji ya bamia, kokwa la parachichi lililosagwa. Ningeweza kuwasahihisha. Lakini kusema mbele ya kaburi la mtu aliyevua maisha yake yote kwamba nakonda kwa hiari, na kwa pesa, sikuona kama ni ukweli unaomfaa mtu yeyote pale. Shangazi alikuwa amenichagulia ugonjwa unaotamkika. Niliupokea, pamoja na mfuko wa mlonge na gunia dogo la michembe.

Miezi michache baadaye binamu alinipigia. Amepima kituo cha afya. Yeye sukari anayo ya kweli, kapewa metformin na inamvuruga tumbo. Je, ile kalamu yangu hatuwezi kuitumia wote, kila mtu na sindano yake? Nikamwambia haifai, hata ukibadilisha sindano damu inaweza kurudi ndani ya kalamu na kubeba yaleyale waliyonidhania kule kwao. Nikamwambia pia kwamba Marekani waliiidhinisha mwaka 2017 kwa ajili ya watu wa sukari kama yeye. Sisi wa unene tuliruhusiwa mwaka 2021, kwa jina jingine.

"Kumbe ni ya kwangu," akasema, akauliza bei. Nikamtajia. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akauliza kama ile michembe imekwisha, maana kuna mtu anavuka Jumatatu.