Kadi ya mkopo haijui msimu wa mavuno

Huku Nyanda za Juu Kusini hela ina majira yake. Mpunga wa Mbarali na Kyela unaleta fedha katikati ya mwaka, mahindi ya Mbozi na Njombe yanafuata, na kuanzia Desemba hadi Machi mifuko inakuwa mitupu kwa sababu kila kitu kimeingia shambani na kilichobaki kimekwenda kwenye sare na madaftari ya watoto. Kadi ya mkopo haifuati majira hayo. Inadai kila mwezi, tarehe ileile, iwe mvua au kiangazi. Wengi wanaoumizwa na kadi Mbeya, Iringa au Njombe wanaumia hapo. Wanaitumia kwa hesabu ya msimu, wakati benki inawadai kwa hesabu ya mwezi.

Kwanza hakikisha unajua kadi uliyonayo. Kadi ya kawaida ya ATM, hata ikiwa na nembo ya Visa au Mastercard, inachukua hela yako mwenyewe iliyo kwenye akaunti, na mara nyingi imeandikwa neno DEBIT usoni. Kadi ya mkopo inatumia hela ya benki hadi ukomo mliokubaliana, kisha unarudisha. Zinafanana kwa sura, na kwenye mashine ya malipo zote zinaingizwa na kuombwa namba ya siri, kwa hiyo wapo wanaokaa na kadi ya mkopo miezi kadhaa wakidhani makato yanatoka kwenye akiba yao. Kama huna uhakika, uliza tawini kadi yako imefungwa na akaunti gani.

Tarehe mbili za kuandika ukutani

Kila kadi ya mkopo ina tarehe ya kufunga hesabu, yaani siku benki inapojumlisha ulichonunua na kukuandikia taarifa ya deni, na tarehe ya mwisho ya kulipa. Tuseme benki yako inafunga hesabu tarehe 5, na mwisho wa kulipa ni tarehe 28 ya mwezi huohuo. Ukinunua betri ya gari tarehe 4 Machi, inaingia kwenye hesabu ya tarehe 5 Machi na unatakiwa kulipa tarehe 28 Machi, yaani siku 24. Ukisubiri mpaka tarehe 6 Machi, ununuzi huo unaingia kwenye hesabu ya tarehe 5 Aprili na mwisho wa kulipa ni 28 Aprili. Hizo ni siku 53 bila riba hata shilingi moja. Duka ni lilelile na bei ni ileile, ila umeongeza mwezi mzima kwa kungoja siku mbili.

Siku hizo za bure zina sharti moja, na sharti hilo ndilo linalokula watu. Lazima ulipe deni lote lililoandikwa kwenye taarifa ya mwezi huo. Sehemu kubwa ya deni haitoshi.

Chukua ununuzi wa shilingi 500,000 wa tarehe 6 Machi, kwa kadi yenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Kiwango hiki ni cha mfano tu, chako kiko kwenye mkataba. Tarehe 28 Aprili unalipa 480,000 na kuacha 20,000 ukisema utamalizia. Benki nyingi zenye kadi duniani zinahesabu hivi: kwa kuwa hukulipa yote, msamaha wa riba umefutwa, na riba inarudi nyuma mpaka siku uliyonunua. Asilimia 3 kwa mwezi ni kama shilingi 500 kwa siku kwa deni la 500,000. Zidisha kwa siku 53, unapata 26,500. Umeacha deni la 20,000, na riba yake imelipita deni lenyewe. Mbaya zaidi, vitu utakavyonunua mwezi unaofuata vinaanza kula riba siku hiyohiyo ya ununuzi, mpaka utakaposafisha deni lote. Zipo benki zinazotoza riba kwenye kile kilichobaki tu, kwa hiyo kabla ya kusaini uliza swali hili kwa maneno haya: nikibakiza deni dogo, riba inahesabiwa kwenye nini, na kuanzia siku gani?

Kwa mwenye mshahara, omba tarehe ya mwisho ya kulipa iangukie siku chache baada ya mshahara kuingia, si siku chache kabla. Benki nyingi zinakubali kubadilisha mzunguko ukiomba kwa maandishi. Kisha weka agizo la kudumu, yaani maelekezo ya benki kukata yenyewe kila mwezi, la kulipa deni lote kutoka kwenye akaunti yako ya mshahara. Wanapokujazia fomu, angalia kisanduku kilichowekwa alama. Mara nyingi agizo linawekwa la kulipa kiwango cha chini tu, na mteja anakuja kujua baada ya miezi mingi.

Kiwango cha chini

Kwenye taarifa kuna mstari unaoonyesha kiasi kidogo kabisa unachoweza kulipa ili usihesabiwe umechelewa. Tuseme ni asilimia 5 ya deni. Unadaiwa 1,000,000, riba ni ileile ya asilimia 3 kwa mwezi, hununui kitu kingine chochote, na unalipa kiwango cha chini kila mwezi bila kukosa. Baada ya mwaka mzima utakuwa umelipa karibu 550,000. Deni litakuwa limeshuka hadi kama 770,000. Zile 320,000 nyingine zimekwenda kwenye riba. Na kwa kuwa kiwango cha chini kinapungua kadiri deni linavyopungua, mwaka wa pili unapunguza deni kwa kasi ndogo zaidi.

Badilisha kitu kimoja tu: lipa 100,000 kila mwezi bila kuishusha. Deni linaisha mwezi wa 13, ule wa mwisho ukiwa na masalia ya elfu chache, na riba yote ni kama 207,000. Kwa hiyo ukijikuta umeshabeba deni la kadi, panga kiasi kimoja kisichobadilika na ukishikilie hata taarifa inapokuambia kwamba unaruhusiwa kulipa kidogo. Ruhusa hiyo inaigharimu familia yako.

Mbolea isiguse kadi

Hapa tunasema bila kuzunguka. Usinunue pembejeo za shamba kwa kadi ya mkopo ukitegemea kulipa kwa mavuno.

Mahindi ya ukanda wetu yanapandwa mvua za Novemba na Desemba, yanavunwa Juni na Julai. Mbolea na mbegu za 600,000 zilizonunuliwa Novemba na kulipwa Julai zimekaa miezi 8. Kwa asilimia 3 kwa mwezi juu ya riba iliyojilimbikiza, deni linafika kama 760,000, na hapo bado hatujaweka faini za kuchelewa. Lakini riba siyo shida kubwa kuliko zote. Kadi ingekudai malipo ya kwanza mwishoni mwa Desemba, na mkopo usiolipwa kwa siku 90 unahesabiwa kuwa chechefu, yaani mkopo mbovu. Siku 90 kutoka hapo zinaisha mwishoni mwa Machi, wakati mahindi yako bado ni ya kuchoma. Rekodi hiyo inakwenda kwenye kanzidata ya taarifa za mikopo iliyo chini ya Benki Kuu, na kampuni za taarifa za mikopo zilizopewa leseni zinaitoa kwa kila benki utakayoiomba mkopo. Mtu anaweza kunyimwa mkopo wa trekta kwa sababu ya laki chache za kadi alizokusudia kwa moyo mweupe kuzilipa Julai.

Mkopo wa shamba unapaswa kuwa na ratiba ya shamba. SACCOS (ushirika wa akiba na mikopo), AMCOS (ushirika wa masoko ya mazao) na benki zenye mikopo ya kilimo zinaweza kupanga marejesho yaanguke baada ya mavuno. Hata riba yake ikionekana karibu sawa na ya kadi, ratiba hiyo peke yake inatosha kuufanya uwe bora.

Kwa mkulima anayetaka kadi kwa mambo mengine, kama kulipia tiketi ya ndege kutoka Songwe, hoteli, au vipuri vinavyoagizwa nje, kuna njia iliyo salama zaidi. Baadhi ya benki hutoa kadi ya mkopo kwa dhamana ya amana ya muda maalumu, yaani hela unayoiweka benki bila kuigusa kwa kipindi mlichokubaliana. Unauza mpunga, unaweka sehemu ya hela kwenye amana, na ukomo wa kadi unakuwa ndani ya kiasi hicho. Ukikwama, benki inajilipa kutoka kwenye amana na jina lako linabaki safi. Unapoteza uhuru wa kuigusa amana hiyo, lakini huo ni ulinzi pia.

Mtumishi wa umma ana mtego wake. Mkopo wa mshahara unazuiwa na kanuni ya theluthi: baada ya makato yote lazima abaki na angalau theluthi moja ya mshahara. Deni la kadi kwa kawaida halipitii kwa mwajiri, kwa hiyo halionekani kwenye hati ya mshahara, na mtu aliyekwisha kufika kwenye theluthi anaweza kupewa kadi juu yake. Ukomo wenye akili kwa mtu kama huyo ni kile anachoweza kulipa chote kwa mwezi mmoja kutoka kwenye kinachobaki mkononi. Benki ikikutumia ujumbe kwamba ukomo wako umeongezwa, una haki ya kukataa. Kataa kwa maandishi.

Na usitoe hela taslimu kwenye ATM kwa kadi ya mkopo. Hakuna siku za bure kwenye fedha taslimu, riba inaanza siku hiyohiyo, na kuna tozo ya kutoa juu yake. Kwa tozo ya mfano ya asilimia 4, laki 2 ulizotoa zinakugharimu 8,000 papo hapo na 6,000 nyingine za riba kwa mwezi. Kwenye masoko ya Mwanjelwa na SIDO jijini Mbeya wauzaji wengi wanapokea taslimu au Lipa Namba ya simu, kwa hiyo kishawishi cha kutoa taslimu ni kikubwa huku kuliko kwenye miji yenye mashine kila kona. Matumizi ya sokoni yabaki kwenye simu na pochi. Kadi iwe ya supamaketi, mafuta, hoteli na manunuzi ya mtandaoni. Na kabla hujaikabidhi, uliza kama bei inaongezeka ukilipa kwa kadi, kwa sababu wapo wafanyabiashara wanaoongeza asilimia kadhaa.

Ukivuka Tunduma kwenda Nakonde ukalipa kwa kadi upande wa Zambia, mashine inaweza kukuuliza ukatwe kwa kwacha au kwa shilingi za Tanzania. Chagua kwacha. Ukichagua shilingi, anayepanga kiwango cha kubadilisha ni mwenye mashine, na kiwango chake kwa kawaida ni kibaya kuliko cha mtandao wa kadi yako. Benki yako bado inaweza kuongeza asilimia yake ya miamala ya nje, kwa hiyo iulize kabla ya safari.

Usalama wa kadi ni mambo machache yasiyobadilika. Tarakimu 16 za mbele, tarehe ya kuisha na zile tarakimu 3 za nyuma zikiwa pamoja zinatosha kununua kitu mtandaoni, kwa hiyo usipige picha kadi na kumtumia mtu kwa WhatsApp, hata ndugu. Mhudumu asiondoke na kadi yako kwenda nayo kaunta, alete mashine mezani au umfuate. Namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe mfupi ni yako peke yako. Anayepiga simu akijitambulisha kuwa wa benki na kuomba umsomee namba hiyo ni ndugu wa wale wanaotuma ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Kata simu, kisha wewe mwenyewe piga namba iliyo nyuma ya kadi. Namba hiyo iandike pia kwenye daftari nyumbani, maana kadi ikiibwa stendi ya Nane Nane, Mbeya, namba ya msaada imeibwa nayo.

Ukiona muamala usioujua kwenye taarifa, funga kadi kwanza, kisha jaza fomu ya kupinga muamala tawini na ubaki na nakala yenye muhuri. Mitandao mikubwa ya kadi inatoa siku 120 kwa aina nyingi za madai, lakini benki yako inaweza kuwa imekuwekea muda mfupi zaidi kwenye mkataba. Nenda wiki hiyohiyo.

Wakati wa kulipa, kosa la kawaida sana ni kuweka hela kwenye akaunti ya akiba na kuamini kadi imelipwa. Kadi ya mkopo ina akaunti yake. Bila agizo la kuhamisha, hela inakaa kwenye akiba na kadi inahesabiwa imechelewa. Lipa siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, hasa tarehe hiyo ikiangukia Jumapili au sikukuu, na ukilipa kwa simu tunza ujumbe wa muamala mpaka taarifa inayofuata itoke.

Ikikushinda, nenda benki kabla ya siku 90 kufika na uombe deni ligeuzwe kuwa mkopo wa kawaida wenye muda maalumu, ambao mara nyingi riba yake ni ndogo. Usikimbilie kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, wala programu za simu kuziba deni la kadi. Novemba 2024 Benki Kuu ilifungia majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na nyingine huibuka kwa majina mapya. Kabla ya kuchukua hela kwa yeyote, tafuta jina lake kwenye orodha ya wenye leseni iliyo kwenye tovuti ya Benki Kuu.

Ukiamua kuifunga kadi, kuikata kwa mkasi hakufungi akaunti. Futa kwanza malipo yanayojirudia yenyewe, kama ya filamu au hifadhi ya picha mtandaoni. Lipa deni lote, kisha subiri taarifa moja zaidi, kwa sababu riba ya siku kati ya kufunga hesabu na siku uliyolipa hujitokeza mwezi unaofuata, na hiyo elfu mbili iliyosahaulika ndiyo inayokuja kuwa deni la kuchelewa. Ikisoma sifuri, peleka barua ya kufunga, na usiondoke kaunta bila barua ya kutodaiwa.