Nilivyootesha vijiti vya oksidi ya zinki kwenye sufuria

Vijiti vyenyewe huvioni kwa macho. Unachokiona ni kipande cha kioo kilichopata ukungu mweupe, mithili ya pumzi iliyokataa kukauka. Ukikifuta kwa kitambaa ukungu hautoki. Hapo ndipo unapojua kwamba kuna kitu kimeota.

Njia niliyoifuata ni ile aliyoieleza mwanasayansi Lionel Vayssieres mwaka 2003: nitrati ya zinki, ambayo ni chumvi ya zinki, na heksamini, kemikali inayotoa amonia ikipashwa moto, ndani ya maji ya moto, karibu nyuzi 90, na oksidi ya zinki inajipanga yenyewe kuwa vijiti. Haihitaji pampu ya kuondoa hewa wala tanuri la nyuzi elfu. Kwa maabara ndogo kama yetu hapa Mombasa, hiyo ni kazi inayowezekana.

Vioo nilikatiwa na fundi wa madirisha kule Majengo, kutoka kwenye masalio yake.

"Mwalimu, vidogo hivi ni vya picha za paspoti?"

"Ni vya kupandia, fundi."

Akanitazama, akacheka, akaendelea kukata.

Na kweli nilivipandia. Kioo kitupu hakifai. Lazima kwanza kipate mbegu. Niliyeyusha gramu 0.11 za asetati ya zinki katika mililita 100 za ethanoli, nikadondosha tone juu ya kioo, nikasubiri sekunde kumi, nikasuuza kwa ethanoli na kukausha. Unarudia hivyo mara tatu nne, kisha kioo kinapanda pole pole hadi nyuzi 350 juu ya jiko la umeme la maabara. Asetati inavunjika, zinabaki chembe ndogo mno za oksidi zilizoshika kioo, na kila kijiti huota juu ya chembe yake. Bila mbegu, zinki nyingi huishia kuwa poda chini ya chupa.

Kilichonisumbua zaidi ni hewa ya Pwani. Nitrati ya zinki ni chumvi yenye uroho wa maji, na hewa ya Mombasa haina uchoyo. Kopo likikaa wazi kidogo tu, chembechembe zinaanza kushikana, baadaye zinakuwa uji, na mizani inakupimia maji ukidhani ni zinki. Nikaigawa mapema kwenye vichupa vidogo vya kufunga, nikavifungia ndani ya mkebe pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja na maboksi ya viatu. Maji nayo nilitumia ya maabara yasiyo na chumvi. Ya kisima usiyaguse: visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na kloridi hushika kwenye ncha ya kijiti na kuizuia kurefuka, ukapata vibapa badala ya vijiti.

Kwa mililita 100 za maji niliweka gramu 0.74 za nitrati na gramu 0.35 za heksamini. Heksamini ndiyo yenye akili yote humu. Kwenye maji ya moto inavunjika taratibu, ikitoa amonia kidogo kidogo, na zinki inageuka oksidi kwa mwendo huohuo. Ukimimina amonia yote kwa pamoja, chupa nzima inachafuka nyeupe papo hapo. Inatoa pia fomaldehidi, kwa hiyo fungua madirisha.

Chupa niliifunga kifuniko, nikaiweka ndani ya sufuria ya maji juu ya gesi, kipimajoto pembeni. Gesi, kwa sababu stima ikipotea katikati ya kazi umeharibikiwa. Kioo nilikiegemeza, upande wenye mbegu ukitazama chini, ili poda inayotuama isikilalie. Baada ya saa tatu hivi nilikitoa, nikakisuuza, nikakianika.

Hadubini ya elektroni, ile inayoweza kuonyesha vitu vidogo kiasi hiki, sina, kwa hiyo ili kujua kama vijiti vimeota nilitumia methileni bluu, ile rangi ya kutazamia seli. Vichupa vitatu vya maji yenye rangi hiyo: kimoja chenye kioo kilichoota, kimoja chenye kioo kitupu, vyote juani, cha tatu chenye kioo kilichoota, kabatini gizani. Hicho cha kabatini usikiache, maana rangi inaweza kunata tu kwenye kioo ukadhani imeharibiwa. Cha kwanza kilipauka waziwazi huku viwili vikibaki na bluu yao. Oksidi ya zinki hupokea mionzi ya urujuanimno ya jua na kuivunja rangi, na jua la hapa halina ubahili.

Baadaye vipande vilipanda treni kwenda Nairobi, kwa rafiki mwenye ruhusa ya kutumia hadubini ya elektroni. Picha zilionyesha vijiti vya pembe sita vimesongamana, urefu karibu sehemu moja ya elfu ya milimita, vingine vimesimama wima, vingine vimeinama. Kuinama huko nakulaumu kwa mbegu zangu za matone. Sasa natafuta mota ya feni ya kompyuta nizungushie kioo ili mbegu zitandazike sawasawa, na nitabadilisha maji ya chupa katikati ya kazi, maana zinki ikiisha ndani ya maji vijiti haviongezeki tena hata ukivipikia mpaka usiku.