Uvimbe wa kope uliofanana na kansa kumbe ni fangasi, uzoefu wangu

Kilianza kama kipele kwenye kope ya chini, hakiumi, nikajua ni chokea litapita lenyewe. Halikupita. Kikakua, katikati kikachimbika kidonda chenye gaga gumu, kingo zimeinuka na vinyweleo vya kope vikanyonyoka hapohapo, dokta wa macho akaniambia wazi kabisa kwamba kansa ya ngozi kwenye kope inakaa hivihivi, lazima tukate kinyama tupime.

Kabla hajakata akaniuliza nafanya shughuli gani, nikamwambia napenda sana maua na kuna mwiba wa waridi ulishanikwaruza karibu na jicho. Hilo swali ndo lililoniokoa kwakweli. Kinyama akakigawa mara mbili, kimoja kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) cha kuangaliwa kwa hadubini, kingine kwenye maji ya chumvi kikaoteshwe maabara kuona kama kuna vimelea vitakavyokua, maana formalini inaua vimelea na kikishaingia humo huwezi kuotesha kitu tena.

Majibu ya hadubini yakaja kwanza na yalinitisha jamani, ngozi imenenepa isivyo kawaida, kansa haiwezi kukataliwa moja kwa moja, na fangasi hakuonekana hata kwa rangi maalum. Nikaanza kuwaza kukatwa kope. Kumbe huyu fangasi anakuwaga mchache sana kwenye nyama, anaweza asionekane kabisa. Alikuja kuota kwenye ile sampuli ya pili: Sporothrix, anakaa kwenye udongo, miiba na majani yanayooza, na paka mgonjwa naye anaweza kukuambukiza akikuparua.

Nikapewa vidonge vya itrakonazo, miligramu 200 kwa siku. Vile vya kapsuli unameza ukishakula tu, na dawa za kiungulia usichanganye nazo kwa sababu inahitaji asidi ya tumbo ndo ifyonzwe, halafu ini linapimwa, na kama unatumia dawa ya kolesteroli kama simvastatini mwambie dokta mapema maana hizo mbili haziendi pamoja kabisa. Kidonda kilifunga lakini dozi iliendelea wiki kadhaa mbele, kawaida jumla ni miezi 3 hadi 6.

Ila tusielewane vibaya, vidonda vya hivi kwenye kope mara nyingi zaidi ni kansa kuliko fangasi, kwahiyo usinunue dawa ya fangasi ukajitibia nyumbani, wala usipake krimu zenye steroidi, nenda wakakate kinyama na uulize kabla hawajakata kama kuna kipande kitakachooteshwa.