Adapta ya eko ilikuwa kwenye boksi la mbovu

Jumamosi mbili mfululizo nimezunguka Kariakoo na kikasha kwenye mkoba, nimekiviringisha kwenye khanga, natafuta kitu ambacho kila duka liliniambia wanacho.

Kikasha chenyewe ni Alesis NanoVerb, mashine ndogo ya eko ya miaka ya 1990. Nilikipata kwa elfu sabini kutoka studio moja ya Sinza iliyokuwa inafunga na kuuza vitu vyake. Kwaya yetu hapa Mtoni hurekodi kwenye chumba kidogo chenye mazulia, na sauti za soprano zikitoka kavu vile zinachoma masikio. Ukizitia eko kidogo zinatulia, zinakaa pamoja na nyingine. Kwa hiyo nilikitaka sana. Adapta yake ilikuwa imepotea, lakini nikajiambia adapta haiwezi kunishinda, tena niko Dar.

Mtaa wa Aggrey, kijana wa duka aligeuza kikasha, akaangalia tundu la nyuma, akajaribu adapta ya kwanza, ya pili, ya tatu ikaingia. "Hii hapa dada, imekaa kabisa." Juu yake imeandikwa 9V, na kikasha kimeandikwa 9V. Nikalipa, nikapanda daladala nina furaha. Nyumbani nikachomeka, taa ikawaka. Nikaunga kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, nikaimba ubeti mmoja. Hakuna kilichopita ila mkwaruzo. Pesa ile ilikuwa ya mchango wa kwaya, kuna akina mama walitoa mia tano mia tano. Usiku ule usingizi haukuja.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi redio wa Tandika, ana meza yake kwenye kibaraza, jirani na muuza chapati. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaomba kwanza ile adapta kabla hata ya kuomba kikasha. Akaisoma kwa lenzi. "Mwanangu, hii ni DC. Chombo chako kinataka AC. Soma mwenyewe." Kweli, pale penye tundu, baada ya 9V, kuna herufi mbili ambazo nilizipita siku zote kama mapambo.

Alivyonieleza ni hivi. Umeme wa DC unakwenda upande mmoja tu. Wa AC unakwenda na kurudi, kwa umeme wetu wa hapa mara 50 kila sekunde. Vyombo vingi vya sauti vinavyolishwa AC vina daiodi ndani, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinazougawa: nusu inafanywa chanya, nusu inafanywa hasi, na saketi ya sauti inazihitaji zote mbili kwa sababu sauti nayo inapanda na kushuka. Ukikipa DC, upande mmoja unashiba na mwingine unalala njaa. Taa inaridhika na upande mmoja, ndiyo maana iliwaka ikanidanganya.

Kisha akavuta boksi la chini ya meza, la adapta mbovu. Hakuziangalia, alikuwa anazipima uzito kwa kiganja. Nyepesi zote alirudisha, akasema hizo ni za kisasa na karibu zote zinatoa DC. Inayotoa AC, ndani ina transfoma tupu, chuma na waya wa shaba, ni nzito kama jiwe la mizani. Akaibuka na moja nyeusi ya plagi ya pini tatu, iliyotoka kwenye modemu ya simu ya mezani, zile za enzi za intaneti kafe. Nyuma: inapokea 230V, inatoa 9V na kile kialama cha wimbi, ampea 1. Kijana wake akasema hiyo imekufa, aliipima yeye. Mzee akampa mita aipime tena. Sufuri. Akazungusha kitasa cha mita kutoka kwenye mstari mnyoofu kwenda kwenye wimbi, na namba ikaruka: 11.2. Kijana akashika kichwa. Nikauliza mbona 11 wakati imeandikwa 9, mzee akasema haijabeba mzigo, ikibeba itashuka.

Kichwa cha adapta ile hakikuingia kwenye tundu la kikasha changu, basi akakikata akalehemu kingine. Nikamuuliza waya upi uwe wa katikati. "Wowote, hapa hakuna chanya wala hasi." Kwenye DC asingenijibu hivyo, maana pedali za gitaa za Boss zinataka hasi katikati na vinanda vya Yamaha PSR vinataka chanya katikati, na matundu hayo kwa macho yanafanana. Ampea zikizidi zile za chombo hakuna ubaya, chombo kinachukua kinachohitaji; zikipungua adapta inachemka. Aliniomba pia nisiwahi kununua nzito yenye 120V peke yake kwa kuwa ni rahisi. Hizo ni za Marekani, kwa umeme wetu zinaungua hapo hapo.

Alinitoza elfu tano. Nilimwachia na chapati mbili.

Alhamisi kwenye mazoezi tulifungua eko kidogo tu, kama robo. Mama mmoja wa alto aliacha kuimba katikati ya wimbo, akageuka nyuma kuangalia nani ameongezeka.

Adapta ya kinanda chetu ina kichwa kile kile, nayo ni 12V DC, na zote mbili zinakaa mfuko mmoja. Kwa hiyo ile nzito nimeizungushia plasta nyeupe ya hospitali, nikaandika kwa kalamu nene pande zote mbili: EKO TU. AC 9.